Mbona Hujamtaja wa Naftali?

Mama alipoanza kusumbuliwa na mtoto wa jicho, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsomea Biblia kila jioni. Yeye mwenyewe alikuwa ameisoma kwa miaka mingi, ile tafsiri ya Union iliyotoka mwaka 1952, na kwa hiyo hakuwa msikilizaji wa kudanganywa. Jioni moja tulifika Kitabu cha Hesabu, sura ya 7. Wanaoifahamu sura hiyo watanionea huruma. Ina mistari 89. Wakuu kumi na wawili wa makabila ya Israeli wanaleta sadaka kwa ajili ya kuweka wakfu madhabahu, kila mkuu kwa siku yake, na kila mmoja analeta vitu vile vile: sahani ya fedha yenye uzito wa shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70, chombo kidogo cha dhahabu cha shekeli 10 kilichojaa uvumba, pamoja na wanyama wa sadaka kwa idadi ile ile.

Nilisoma habari za Nashoni wa kabila la Yuda. Nikasoma za Nethanieli wa Isakari. Nilipoona wa tatu naye analeta sahani ya shekeli 130, nikasema, "Na wale wengine wakaleta vivyo hivyo," nikafungua sura ya 8.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wa Naftali naye alileta?"

"Alileta, Mama."

"Mbona hujamtaja?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Baba, siku ile ya mchango wa bati za kanisa, katibu angesoma jina la mzee wa kwanza na alichotoa, halafu akasema na wengine walitoa hivyo hivyo, ungekubali?" Nilijua nisingekubali. Nilikumbuka jinsi watu walivyokaa juani siku ile wakisubiri majina yao, wengi wao wakiwa wametoa kiasi kile kile, na hakuna aliyelalamika kwamba orodha ni ndefu. Nikarudi nyuma, nikasoma yote mpaka Ahira wa Naftali, wa siku ya kumi na mbili.

Tangu jioni ile nimekuwa nikifikiri juu ya mambo yanayorudiwa katika Biblia, na juu ya namna sisi wasomaji tunavyoyatendea. Naona tuna makosa ya aina tatu. Kosa la kwanza ni langu la jioni ile, la kuruka. Tukishaona maneno ya mwanzo tunasema, "Hili nalijua," na jicho linakimbilia pengine. Kosa la pili ni la wahubiri wengi. Wao hawaruki, lakini wanamaliza jambo kwa sentensi moja: likirudiwa, basi ni msisitizo. Ni kweli, lakini ni ukweli mdogo, kama kusema kwamba mvua ni maji. Kosa la tatu ni la wale wanaohesabu. Wanatafuta neno fulani limetokea mara ngapi, wanazidisha, wanagawanya, na mwisho wanapata tarehe au siri ambayo mwandishi hakuiweka. Wote watatu, anayeruka, anayesema ni msisitizo na anayehesabu, wanafanana katika jambo moja. Hawajasoma mara ya pili kwa makini kama walivyosoma mara ya kwanza.

Wako pia wataalamu, nao sitaki kuwavunjia heshima. Tangu karne ya 19, watu kama Julius Wellhausen wa Ujerumani wameeleza kwamba habari nyingi zinazosimuliwa mara mbili zimetoka katika maandiko mbalimbali ya kale yaliyounganishwa baadaye. Maelezo hayo yana nguvu yake. Lakini kujua kwamba nguo imeshonwa kwa vitambaa viwili si sawa na kumtazama aliyeivaa. Mmarekani Robert Alter, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya sanaa ya masimulizi ya Biblia, aliwarudisha wasomaji kwenye matini yenyewe jinsi ilivyo sasa. Alionyesha kwamba mara nyingi mabadiliko madogo ndani ya maneno yanayorudiwa ndiyo yanayobeba maana. Nakubaliana naye, na ningependa kuonyesha kwa mifano ninayoweza kuisimamia mwenyewe.

Tuchukue amri ya Sabato. Imeandikwa katika Kutoka sura ya 20, na tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Anayesoma haraka ataona amri ni ile ile. Lakini sababu imebadilika. Katika Kutoka, watu wapumzike kwa sababu Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati uumbaji hautajwi kabisa pale. Wapumzike, na watumishi wao wapumzike sawasawa na wao, kwa sababu wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Hata kukumbuka kumehama. Katika Kutoka wanaambiwa waikumbuke siku. Katika Kumbukumbu wanaambiwa waukumbuke utumwa. Mtu aliyejifunza ile ya kwanza tu kwa moyo, akaona ya pili ni marudio, anaweza kuitunza Sabato maisha yake yote huku msichana wa kazi akiwa jikoni tangu alfajiri. Ameshika nusu ya amri akidhani ameishika yote.

Mfano wa pili ni mdogo, na ulimchekesha Mama. Katika sura ya 1 ya Wafalme wa Pili, Mfalme Ahazia anamtuma akida na askari 50 wamlete Eliya kutoka juu ya kilima. Akida anamwamuru ashuke. Moto unawateketeza. Mfalme anatuma akida wa pili na watu wengine 50. Huyu anarudia amri ile ile, ila anaongeza kwamba ashuke upesi. Neno moja tu! Mwenzake ameteketea, naye alichojifunza ni kuongeza haraka. Akida wa tatu ndiye anayepiga magoti na kuomba maisha yake na ya watu wake. Tukifupisha habari hii, tukasema maakida wawili waliangamia na wa tatu akanyenyekea, tumepoteza lile neno moja linalotuonyesha jinsi mamlaka yanavyozidi kupiga kelele pale yanapopaswa kutafakari.

Lakini kuna mahali ambapo hakuna neno linalobadilika, na hapo ndipo msomaji anapojaribiwa zaidi. Katika sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza, Eliya huyo huyo amekimbilia Horebu akiogopa kuuawa. Mungu anamwuliza anafanya nini pale. Anajibu kwa uchungu kwamba amekuwa na bidii, watu wameliacha agano, manabii wameuawa, amebaki peke yake, na yeye naye anatafutwa. Kisha unakuja upepo wa kupasua miamba, tetemeko la nchi, moto, na baada ya moto sauti ndogo ya utulivu. Baada ya hayo yote anaulizwa tena swali lile lile. Naye anajibu yale yale, kana kwamba hakuna kilichopita mbele yake.

Zamani niliona huo ni uzembe wa mwandishi. Sasa naona kwamba jibu lisilobadilika ndilo habari yenyewe. Milima imepasuka, na moyo wa mtu umebaki pale pale na malalamiko yake. Anayejua huzuni anajua kwamba ndivyo ilivyo. Na Mungu hamkemei kwa kurudia. Anampa kazi, anamwambia awapake mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha, na mwishoni anamjulisha kwamba hayuko peke yake, wako 7,000 waliosalia. Lakini kwanza alimsikiliza mara mbili.

Pengine maneno hayabadiliki, ila uzito wake unabadilika. Katika kitabu cha Waamuzi tunaambiwa mara nne kwamba siku zile hapakuwa na mfalme katika Israeli. Mara ya kwanza, sura ya 17, inafuatwa na kauli kwamba kila mtu alijifanyia aliloona ni jema, na jambo linalozungumzwa ni mtu mmoja aliyeiba fedha za mama yake na nyumba iliyojaa sanamu. Mara ya pili na ya tatu, sura ya 18 na ya 19, kauli hiyo ya kila mtu na lake haipo. Inarudi kamili katika mstari wa mwisho wa kitabu, baada ya mwanamke kunajisiwa mpaka kufa, na kabila la Benyamini kukaribia kufutika. Sentensi ni ile ile. Mwanzoni ilisikika kama maelezo. Mwishoni inasikika kama kilio.

Sisemi kwamba kila marudio yana jambo ndani yake. Biblia ilisikika masikioni kabla ya kusomwa kwa macho, na msikilizaji huhitaji kurudiwa, kama vile bibi zetu walivyorudia wimbo mmoja katika hadithi ili watoto waupokee. Mengine ni desturi tu ya usimulizi. Ninachosema ni kwamba huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mpaka umelisoma. Hata ile sura ya 7 ya Hesabu, mwandishi wake alijua kujumlisha. Mwishoni ametoa hesabu kamili: fedha shekeli 2,400 na dhahabu shekeli 120. Angeweza kuandika hiyo peke yake na kuokoa wino. Aliamua kwamba kila mtoaji ataitwa kwa jina lake na siku yake, na kwamba aliyekuja siku ya kumi na mbili hatakuwa "na wengine".

Nina sababu ya kuyaandika haya, nayo haimo katika Biblia.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Jioni, baada ya kusoma, alikuwa na sentensi yake: "Mguu unaniwaka moto, baba." Nami nilikuwa na langu: "Pole, Mama." Alisema hivyo kwa muda mrefu, nami nikajibu hivyo kwa muda mrefu. Siku tulipompeleka hospitali, daktari alimtazama akakuta kidonda chini ya unyayo wa kushoto, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa anahisi tena. Daktari akaniuliza, "Mguu wa pili ulianza lini?" Nikasema sijui, mimi ninajua wa kulia tu.

Mama akasema taratibu, "Nilikuambia, baba. Tangu wakati wa kuvuna mahindi nimekuwa nikisema miguu."

Ni kweli. Niliporudisha mawazo nyuma nilisikia sauti yake: miguu inaniwaka moto. Herufi chache tu zilikuwa zimebadilika, na mimi nilikuwa nimekwisha kuifunga sentensi hiyo kabla hajaimaliza. Alikatwa vidole viwili. Aliishi miaka minne baada ya hapo, akitembea kwa fimbo, wala hakunilaumu hata siku moja. Mimi ndiye ninayejilaumu, na sioni kwamba ni vibaya kujilaumu kwa jambo la kweli.

Ndugu msomaji, sina kanuni kubwa ya kukupa. Ukikuta katika Biblia jambo ulilokwisha kulisoma, lisome tena polepole na ujiulize maswali mawili: ni kipi kilichobadilika? Na kama hakuna, ni kwa nini huyu bado anasema yale yale? Kisha ufunge kitabu, uende ukae na yule wa nyumbani kwako ambaye sentensi yake unaijua kwa moyo. Mwache aimalize.

Mimi bado naisoma Hesabu sura ya 7 mara moja kwa mwaka, kwa sauti, mpaka kwa Ahira wa Naftali.