Simone Weil: Je, Kutafakari ni Kuikimbia Dunia?

Katika semina zetu nimesikia mara nyingi ikidaiwa kwamba tafakuri ya Kikristo ni falsafa ya kuikimbia dunia: mtu anafumba macho, anasali, huku mnyonge akiendelea kunyonywa. Kwa baadhi ya waandishi hoja hiyo ina nguvu. Kwa Simone Weil haisimami, na ningependa wenzangu tumsome kwanza kabla ya kumhukumu.

Weil (1909–1943) alikuwa Mfaransa wa ukoo wa Kiyahudi, mwalimu wa falsafa, aliyevutwa sana na Kristo lakini akasita mlangoni mwa Kanisa. Desemba 1934 aliacha kufundisha kwa muda, akaenda kufanya kazi viwandani Paris. Aliyoyaona huko ndiyo yanayoipa tafakuri yake uzito: uchovu na amri za msimamizi huiua fikra kabla haijazaliwa. Mfanyakazi hanyonywi jasho tu, ananyang'anywa hata uwezo wa kuwaza.

Kwake yeye, kutafakari ni umakini, yaani kuiacha akili iwe wazi na ingoje, isikimbilie jibu. Katika insha yake ya 1942 juu ya masomo ya shule anadai kwamba hata swali la jiometri lililokushinda laweza kuiandaa roho kwa sala, mradi ulilikabili kwa umakini wa kweli. Na umakini huohuo ndio anaouhitaji mtu aliye katika mateso. Jamani, sisi wa kudesa tuna la kujibu hapa!

Insha yake kuhusu utenzi wa Iliad wa Homer ilichapishwa Marseille, 1940–1941, Ufaransa ikiwa imekwisha kushindwa na Wajerumani. Anasema mhusika mkuu si Achilles bali ni nguvu, ile inayomgeuza binadamu kuwa kitu, na inayomlewesha anayeitumia kama inavyomponda anayeonewa. Huko ndiko kuikimbia dunia? Tena hachambui kwa mafungu, fani huku, maudhui kule, ujumbe chini yake, kama tulivyozoea kwenye mitihani. Anakaa na tukio, mathalan Priam akimpigia magoti Achilles aliyemwua mwanawe, mpaka limfungukie.

Sikubaliani naye kote. Utenzi ule una furaha ya vita, majigambo, hata vicheko, ambavyo anavipita upesi mno. Mhubiri wa umakini hapa kapungukiwa umakini. Lakini swali linalonisumbua zaidi ni lile la kiwandani. Ikiwa kazi inaua fikra, kibarua atapata wapi utulivu wa kutafakari? Weil alilijua tatizo hilo. Katika kitabu alichokiandika London mwaka wa kifo chake, alitaka viwanda vikubwa viondolewe, mahali pake ziwepo karakana ndogondogo ambamo mtu angeweza kufanya kazi huku akiwaza. Sasa nani angewalazimisha wenye viwanda wakubali? Hapo, kwa maoni yangu, hajajibu vya kutosha.