Namna ya Kupima Mchoro wa Mtu Mpweke

Michoro ya taashira yenye mtu mmoja peke yake ni mingi, na mingi kati yake ni dhaifu: mtu kainamisha kichwa, basi tunaambiwa hiyo ni huzuni. Ukitaka kulizoesha jicho lako kujua ulio bora, anza na mchoro "Tumaini" wa Mwingereza George Frederic Watts, wa mwaka 1886. Toleo lake la pili, alilolikabidhi taifa mwaka 1897, limo katika jumba la sanaa la Tate, London.

Kwanza, lisahau jina, utazame mwili. Mwanamke amekaa juu ya tufe, miguu mitupu, macho yamefungwa kitambaa. Ameshika kinubi, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo, na nyuzi zake zote zimekatika, umebaki mmoja. Shingo ameikunja mpaka sikio liko karibu kabisa na uzi huo. Mchoraji wa kawaida angempa machozi. Watts kampa kazi. Anasikiliza. Hisia yote ya mchoro imejikusanya katika mkunjo wa shingo ile.

Pili, zihesabu alama. Zikizidi, mchoro unageuka fumbo la kutegua. Hapa ni chache, na ukiondoa uzi ule hakuna kinachobaki. Toleo la kwanza lilikuwa na nyota moja angani. Katika la pili Watts hakuichora. Alifanya vyema: mwenye kutumaini hapaswi kuonyeshwa taa.

Tatu, tazama rangi na nafasi. Nguo, ukungu na anga vinakaribiana rangi, vyote vya kijani na buluu iliyofifia, hivyo upweke unaujaza mchoro mzima, hauishii usoni.

Nne, na hiki ndicho kipimo kikuu: je, mchoro unabeba hisia mbili kwa pamoja? Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton aliandika kwamba mtazamaji angeweza kudhani unaitwa Kukata Tamaa. Mchungaji Jeremiah Wright wa Chicago aliuhubiri kama ujasiri wa kutumaini, na kutokana na mahubiri hayo Barack Obama akapata jina la kitabu chake cha 2006. Chesterton na Wright waliutazama uzi uleule.

Basi utakapokutana na mchoro wa mtu mpweke, ufunike jina kwa kiganja, ujiulize: huyu anafanya nini? Kama anahuzunika tu, pita. Kama anasikiliza, simama usikilize naye.