Mkusanyo kama Hukumu: Kusikiliza "Greatest Hits" ya ZZ Top

Mkusanyo wa nyimbo zilizovuma ni uhakiki uliofanywa na mfanyabiashara. Mwenye kuuandaa haandiki utangulizi wala hatoi hoja. Anachagua, anapanga, anaacha, na katika kuacha kwake ndimo ilimo hukumu yake. Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu hali hiyo, kwani diwani nyingi tunazozifundisha zimepita katika mikono ya wakusanyaji, nasi hatuchoki kuwauliza wanafunzi: nani alichagua, na kwa kigezo gani? Swali hilo hilo tunataka kuliuliza hapa kuhusu albamu ya kundi la ZZ Top iliyotolewa na kampuni ya Warner mwaka 1992.

Kundi hilo lilianzishwa Houston, katika jimbo la Texas, mwaka 1969. Kuanzia 1970 hadi kifo cha mpiga besi Dusty Hill mwaka 2021, wanamuziki wake walikuwa wale wale watatu: Billy Gibbons kwenye gitaa, Hill kwenye besi, na Frank Beard kwenye ngoma. Muziki wao huitwa bluzi-roki, yaani bluzi ya Waamerika Weusi wa kusini iliyoongezewa umeme na kishindo. Hata jina la kundi linakiri nasaba hiyo, maana Gibbons ameeleza kwamba lilitokana na kuyatazama majina ya waimbaji wawili Weusi, Z.Z. Hill na B.B. King. Huyu wa pili si mgeni kwetu: alipiga gitaa lake Kinshasa mnamo Septemba 1974, katika tamasha lililoandaliwa kuambatana na pambano la Ali na Foreman.

Sasa tuhesabu. Albamu ina nyimbo 18. Nne zinatoka katika Eliminator ya mwaka 1983, tatu katika Afterburner ya 1985, tatu katika Recycler ya 1990. Mbili ni mpya. Kutoka El Loco ya 1981 zimechukuliwa mbili, na kutoka Degüello ya 1979 mbili. Zinabaki mbili tu, "La Grange" ya mwaka 1973 na "Tush" ya mwaka 1975, kuwakilisha albamu tano za miaka ya mwanzo. Albamu ya kwanza, ya pili na ya tano hazikutoa hata wimbo mmoja. Isitoshe, mpangilio haufuati wakati: msikilizaji anaingizwa kwa nyimbo mbili za Eliminator, na "La Grange" anakutana nayo katika nafasi ya kumi na sita, karibu na mlango wa kutokea.

Tutajibiwa kwamba mkusanyo hufuata mauzo, na Eliminator iliuza zaidi ya nakala milioni kumi nchini Marekani peke yake. Jibu hilo lina uzito, lakini halitoshi. Katika Degüello kundi liliimba upya "I Thank You", wimbo wa Isaac Hayes na David Porter uliotiwa sauti na Sam na Dave mwaka 1968, nao ukaingia katika orodha ya nyimbo arobaini za kwanza nchini humo. Haumo. Haumo pia "Dust My Broom", wimbo wa bluzi ya zamani uliokuwa katika albamu hiyo hiyo. Wimbo pekee wa kuazima uliopata nafasi miongoni mwa hizo 18 ni "Viva Las Vegas", ambao watu waliujua kwa sauti ya Elvis Presley. Kwa hiyo anayeijua ZZ Top kwa mkusanyo huu peke yake ataona kundi lililomwazima Mzungu mmoja mashuhuri, na halikumwazima mtu mwingine. Hatudai kwamba kuna aliyekusudia hivyo. Soko halihitaji kukusudia.

Upungufu wa pili ni wa fani. Bluzi ina mwendo wa polepole, ambapo gitaa husema sentensi kisha hunyamaza, na ule unyamavu ni sehemu ya wimbo. Gibbons ni bingwa wa unyamavu huo; atakaye ushahidi asikilize "Blue Jean Blues" ya mwaka 1975. Katika mkusanyo wa 1992 hakuna wimbo wa namna hiyo. Wimbo wa polepole uliomo ni "Rough Boy", nao umetandikwa vinanda vya elektroniki kutoka mwanzo hadi mwisho hata pasibaki pa kupumulia. Gitaa lake ni zuri, tukiri, ila linasikika kama mtu anayeongea ndani ya chumba kilichojaa mapazia. "Sharp Dressed Man" ni jambo jingine: pale mashine na gitaa vinakimbizana kwa haki, na wimbo haujazeeka.

Kuhusu maudhui tutakuwa wafupi. Wanawake wa nyimbo hizi hutazamwa, hawasemi. Mafumbo ya kitandani ni ya kale katika bluzi, lakini bluzi ya kale ilikuwa na Bessie Smith wa kuyarudisha mafumbo hayo kwa wenyewe.

Turudi kwenye nafasi ya kumi na sita, kwa sababu hapo ndipo deni linapojitokeza. "La Grange" inahusu nyumba ya ukahaba iliyokuwa karibu na mji wa jina hilo huko Texas, ambayo ilifungwa mwaka ule ule wimbo ulipotoka. Lakini kabla ya maneno kuna mdundo: gitaa linalojirudia karibu mahali pamoja, na sauti inayonong'ona na kuguna juu yake. Mdundo wa ukoo huo John Lee Hooker, mzaliwa wa Mississippi, aliurekodi Detroit mwaka 1948 katika "Boogie Chillen'", akiwa peke yake na gitaa na mguu unaopiga sakafu. Shauri lilifika mahakamani. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kuuza santuri kulikuwa sawa na kuuchapisha wimbo, na kwa kuwa taratibu za sheria hazikutimizwa kwa wakati, matoleo ya awali ya wimbo huo yalikuwa yamekwisha kuwa mali ya umma. Uamuzi huo uliwatia hofu wenye haki za nyimbo nyingi za zamani, na mwaka 1997 Bunge la Marekani likaibadili sheria.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mdai hakuwa Hooker. Ilikuwa kampuni ya Bernard Besman, mtayarishaji wa santuri ile, ambaye jina lake liliandikwa pamoja na la Hooker kama mtunzi. Aliyepiga mguu sakafuni hakuwa upande wowote wa kesi.

Haki inatudai tuongeze kwamba Gibbons hakuwasahau waliomtangulia. Mwishoni mwa miaka ya themanini alitengenezesha gitaa kwa ubao uliotoka katika kibanda alimoishi Muddy Waters huko Mississippi, nalo likatumika kuchangisha fedha za makumbusho ya bluzi ya Clarksdale. Na wimbo wa tano wa mkusanyo, "My Head's in Mississippi", unaurudia mdundo wa "La Grange" kana kwamba kundi, baada ya miaka kumi ya vinanda, linajiuliza limeiacha wapi nyumba yao.

Atakaye kulisikia kundi lenyewe na atafute The Best of ZZ Top, mkusanyo wa mwaka 1977 wenye nyimbo kumi. Ila awe macho na toleo analolishika. Mwaka 1987 albamu za zamani zilitolewa tena zikiwa zimechanganywa upya, ngoma za Beard zikavishwa mlio wa mashine za miaka ya themanini, na michanganyo hiyo ndiyo iliyouzwa kwa muda mrefu katika diski; Tres Hombres na Fandango! zilirudishiwa sauti yake ya asili mwaka 2006. Namna rahisi ya kupima ni kuanza na "Waitin' for the Bus" na kuiacha imwagikie "Jesus Just Left Chicago" bila kukata. Kama ngoma inasikika kama imepigwa ndani ya pipa la chuma, hilo silo toleo lenyewe.