Bahari ya Pipani

Maji ya bahari ni mchanganyiko wenye kanuni. Kilo moja ya maji ya bahari kuu huwa na takriban gramu 35 za chumvi. Kloridi na sodiamu peke yake huchukua kama gramu 30. Zinazobaki ni salfeti, magnesi, kalisi, potasiamu, bikaboneti na chembechembe za madini mengine mengi. Mkemia William Dittmar, alipochambua sampuli 77 zilizoletwa na meli ya Challenger kutoka safari yake ya 1872 hadi 1876, alithibitisha kwamba ukali wa chumvi hupanda na kushuka kutoka bahari moja hadi nyingine, lakini uwiano wa madini makuu karibu haubadiliki. Uthabiti huo ndio unaomwezesha mtu aliye bara kujitengenezea bahari nyumbani. Akiupata uwiano na akapima vizuri, matumbawe hayatauliza maji yametoka wapi.

Mji wa Louisville, jimboni Kentucky, uko mamia ya kilomita kutoka pwani ya Atlantiki, nao hunywa maji ya bonde la mto Ohio. Hata hivyo bahari ina historia hapo. Ng'ambo ya mto, kwenye hifadhi ya Falls of the Ohio, maji yanapopungua hujitokeza mwamba uliosheheni mabaki ya matumbawe yaliyoishi kiasi cha miaka milioni 390 iliyopita, wakati sehemu hiyo ilipokuwa bahari ya joto kusini mwa ikweta. Kusini mwa mji, mahali paitwapo Bullitt's Lick, walowezi walianza mwaka 1779 kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa biashara, kama watu wa Uvinza, mkoani Kigoma, walivyokuwa wakichemsha ya kwao kwa karne nyingi. Chumvi ya namna hiyo hufaa chungu cha mboga, haifai tangi la kufugia samaki na matumbawe. Ni kloridi ya sodiamu karibu tupu, na matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisi na kaboneti. Kwa hiyo mfugaji hununua chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya bahari, ambayo mtengenezaji ameshaipangia uwiano wa madini yote.

Lakini kabla ya chumvi kuna maji, na kazi ya kwanza ya ufundi huu ni kuondoa. Louisville ina haki ya kujivunia maji yake. Kampuni ya Louisville Water ilianza kuyasambaza mwaka 1860, na kati ya 1895 na 1897 mhandisi George W. Fuller alifanya mjini humo majaribio ya kuchuja maji ya Ohio kwa shabu na mchanga, majaribio yaliyotoa mwongozo kwa miji mingi ya Marekani. Ila kinachomfaa mnywaji si lazima kimfae samaki. Maji ya bomba ya mji huo hulindwa dhidi ya vijidudu kwa kloramini, yaani klorini iliyofungamanishwa na amonia. Klorini ya kawaida huweza kutoka maji yakiachwa wazi usiku kucha. Kloramini haiondoki kirahisi hivyo. Hupenya kwenye matamvua ya samaki, ikaingia damuni na kuizuia kubeba oksijeni. Zaidi ya hiyo, maji ya bomba huweza kubeba nitrati na fosfati zinazolisha mwani, na shaba ya mabomba ya nyumbani, ambayo hata kidogo tu huua kamba na konokono.

Dawa yake ni mtambo wa kuchuja wa hatua nne. Chujio la kwanza hukamata mchanga na kutu. La pili, la mkaa maalumu, huivunja kloramini. Nalo lazima litangulie kwa sababu klorini huharibu utando unaofuata. Hatua ya tatu ni utando wenyewe, ambao maji husukumwa kuupenya kwa shinikizo huku sehemu kubwa ya madini ikibaki nyuma na kutoka pamoja na maji ya taka. Hatua ya mwisho ni chembe za utomvu wa kutengenezwa, zinazonasa kilichosalia, pamoja na amonia iliyoachwa kloramini ilipovunjika. Kipima-madini kidogo cha mkononi hutoa hukumu: kikionyesha 0, maji yako tayari, namba ikianza kupanda, utomvu umechoka na ubadilishwe. Wakati wa baridi, maji ya bomba yakiwa ya barafu, utando hupitisha maji polepole zaidi, na anayejua hilo huanza kukinga mapema. Maji ya taka nayo hayana haja ya kutupwa. Yanafaa kufulia na kusafishia sakafu.

Chombo cha kuchanganyia ni pipa au ndoo ya plastiki ya kuhifadhia chakula, ambayo haijawahi kuguswa na sabuni wala dawa. Chuma hakitakiwi, kwa kuwa maji ya chumvi hukila na kuyeyusha sumu yake. Ndani ya pipa huwekwa pampu ya kuzungusha maji na hita ya kuyafikisha nyuzi 25 za Selsiasi. Hapo umeme na maji ya chumvi vinakaribiana, na uangalifu hauna mbadala. Kila waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni. Soketi iwe ya aina inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Hita izimwe kabla ya kuchota maji, kwa maana ikibaki wazi huku inawaka hupasuka.

Utaratibu wa kuchanganya hauruhusu kugeuzwa. Maji hutangulia, pampu ikawashwa, ndipo chumvi ikamiminwa kidogo kidogo. Anayemwaga maji juu ya chumvi hupata kwa muda mfupi maji makali kupita kiasi, ambamo kalisi na kaboneti hukutana na kugeuka unga mweupe wa chokaa. Unga huo ukishatuama chini hauyeyuki tena, na madini yaliyolipiwa yamepotea. Kwa sababu hiyo hiyo chumvi haimwagwi kamwe ndani ya tangi lenye viumbe: punje zikitua juu ya tumbawe, huliunguza. Vumbi lake huwasha macho na koo, hivyo humiminwa karibu na uso wa maji. Mfuko uliosafirishwa mbali hupinduliwa mara kadhaa kabla ya kufunguliwa, maana punje za aina tofauti hujitenga njiani. Ukishafunguliwa hufungwa barabara, kwani chumvi inayovuta unyevu hugandamana na kuharibika.

Kiasi hutegemea aina ya chumvi, lakini kwa kawaida ni gramu 36 hadi 40 kwa lita. Ndoo ya galoni 5, yaani lita 19, humeza karibu gramu 700. Kupima kwa mizani ni bora kuliko kupima kwa kikombe.

Kisha ni kungoja. Maji huanza kuwa meupe kama ya mchele uliorowekwa, halafu hung'aa taratibu. Kung'aa peke yake hakutoshi. Chumvi inahitaji kuyeyuka yote, na hewa iliyomo majini kufikia mizani yake, jambo linaloweza kuchukua saa chache au siku nzima, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Majira ya baridi, nyumba za Louisville zikiwa zimefungwa madirisha, hewa ya ndani hujaa kaboni dioksidi na kuishusha pH ya maji chini ya 8. Kufungua dirisha kwa muda, pampu ikitibua uso wa maji, huirudisha mahali pake.

Kipimo cha chumvi ndicho kitovu cha ufundi huu. Matone mawili ya maji huwekwa juu ya kioo cha rifraktomita, chombo cha kupimia chumvi kwa mwanga, kifuniko kikashushwa pasipo kuacha kiputo, kisha chombo kikaelekezwa penye mwanga. Ndani yake huonekana rangi ya buluu juu na nyeupe chini, na mstari wa mpaka wao ndio usomwao: 35 kwa elfu, au uzito linganifu wa 1.026. Chombo chenyewe hukaguliwa mara kwa mara kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, kisha husuuzwa na kukaushwa kwa kitambaa laini. Kosa hurekebishwa kwa hesabu. Lita 100 zilizosoma 32 zinadai gramu 300 hivi za nyongeza. Zilizosoma 37 zinadai karibu lita 6 za maji safi.

Maji yakikubaliana na tangi kwa joto na kwa chumvi, hubadilishwa kwa sehemu ndogo, asilimia 10 hadi 15 kwa wiki. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na katika kazi hii maji yasiyopimwa yakishaingia tangini hayachujiki kirahisi. Katikati ya wiki, kinachopungua kwa mvuke hujazwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Anayejaza kwa maji ya chumvi huongeza ukali kila siku bila kujua.

Sifa ya ufundi huu iko katika adabu yake: samaki hawezi kueleza kosa la mfugaji, basi mfugaji hulitafuta kosa kabla samaki hajaliona. Ndiyo maana wengi huandika daftarini tarehe, joto, chumvi na pH ya kila pipa. Maji yaliyotolewa tangini humwagwa kwenye bomba la maji machafu la nyumba, si kwenye majani ya uani wala kijito cha Beargrass kinachopita mjini, kwa sababu chumvi inayolisha tumbawe huua nyasi na samaki wa maji baridi.