Dhahabu yenye kurudi shambani

Tukisema michezo ya video hapa kwetu, tunamaanisha mpira. Kasongo au Kabambare ni kitu kimoja: televisheni moja, jenereta inanguruma nje, PlayStation 2, vijana wawili wanashika maneti na wengine kumi wanangoja zamu. PES njo mfalme, na mimi sina neno juu yake. Lakini leo ninaandika juu ya michezo miwili ya kulima. Wa kwanza ni Harvest Moon: Back to Nature, uliotoka Japani mwaka 1999, niliucheza nikiwa mtoto kwa mjomba wangu, Kindu. Wa pili ni Stardew Valley wa mwaka 2016, nilioupata kwenye simu baada ya kumaliza lisansi ya agronomi. Mwaka huu nimeirudia yote miwili, ule wa zamani kupitia programu yenye kufanya simu ijifanye PlayStation. Safari hii nimecheza kama mtu ambaye kazi yake ni udongo.

Hadithi zinafanana. Babu amekufa, amekuachia shamba lenye kujaa mawe na magugu. Katika Harvest Moon wanakijiji wanakupa miaka 3 ya kulitengeneza, kiisha wanakuhukumu. Katika Stardew babu mwenyewe anarudi kama mzimu, mwanzoni mwa mwaka wa 3, kuangalia umefanya nini. Nilicheka, juu kwetu mzimu wa babu kuuliza habari za shamba si ajabu hata kidogo. Ajabu ni ile barua yake: shamba ni zawadi, mahali pa kukimbilia ukichoka na ofisi. Babu zetu hawakulipokea shamba hivyo. Tangu 1917 Wabelgiji waliweka mashamba ya lazima, pamba mbele, na asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Hata leo mzazi akitaka kukutisha anasema: usiposoma utaishia kwenye jembe. Sisi wenye kusoma sana ili turudi kwenye jembe, tunanyamaza tu.

Mwenye kutengeneza Stardew, Eric Barone wa Marekani, alikuwa na diploma ya informatiki na hakupata kazi. Alianza mchezo huu kujizoeza, huku jioni akipokea watu kwenye ukumbi wa maonyesho, Seattle. Ulimchukua zaidi ya miaka 4: programu, picha, muziki, vyote peke yake. Umeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Siwaambii hii kwa kuwatia moyo (mahubiri ya namna ile tunayo mingi), ila upweke wake unaonekana ndani ya mchezo. Ukicheza peke yako, mtu mmoja analima, anamwagilia, anavuna, anajenga. Kwetu nani analima hekta ya mpunga peke yake? Kuna mama, kuna watoto wa kufukuza ndege tangu alfajiri, kuna kikundi cha kulima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu.

Sasa mambo ya fani. Majira ya Stardew ni 4, kila moja siku 28, na mimea mingi inakufa majira yakigeuka. Mihogo yetu yenye kukaa udongoni mwaka na zaidi haingeona hata mzizi. Udongo hauchoki: panda mahali pale pale miaka 10, unavuna tu. Mozaiki ya mihogo haiko, nzi weupe wenye kuibeba hawako. Mama wa Kabambare mwenye kuchanganya mahindi, karanga na mihogo katika shamba moja hapati faida yoyote kwa akili yake ile. Hapa mchezo wa zamani ni mkali zaidi. Kimbunga cha kiangazi kinafagia mimea, na ng'ombe asiyetunzwa anaugua, anakufa. Katika Stardew kuku ukimwacha na njaa ananuna, basi. Wengine wanaona huo ni upole wa mchezo mpya. Kwangu ni upungufu: mfugaji asiyeogopa kifo cha mnyama hafugi, anapamba.

Uongo mkubwa kabisa ni sanduku la kuuzia. Unatia mazao ndani, usiku yanachukuliwa, asubuhi pesa iko mfukoni, na bei haishuki hata ukileta magunia elfu. Nani wa Kasongo hatacheka? Kutoka hapa mpaka Kindu ni zaidi ya kilometa 200, na mpunga wetu unasafiri juu ya baiskeli yenye kusukumwa na mtu, matope mpaka magotini. Mpunga huo tunaulima tangu ulipoletwa na wafanyabiashara Waswahili, karne ya 19. Kulima tunajua. Tunakosa lile sanduku.

Lakini kuna jambo moja ambalo michezo yote miwili imelishika, nami utotoni sikuliona: mgodi. Katika Stardew unashuka chini ngazi kwa ngazi, unapata shaba, halafu chuma, halafu dhahabu. Kiisha unapanda na kwenda kwa fundi wa chuma. Yeye anataka vipande 5 vya dhahabu na pesa 10,000 za mchezo, anakaa na jembe lako siku 2, anakurudishia jembe lenye kulima miraba 9 kwa pigo moja. Mgodi unalisha shamba.

Sasa tuangalie Kabambare. Pale Namoya, karibu na Salamabila, kampuni ya Banro ilianza kutoa dhahabu kibiashara mwaka 2016, mwaka ule ule wa Stardew, na wachimbaji wa mikono nao wako. Kijana anaacha palizi katikati, anakwenda machimboni. Dhahabu inatoka, inaondoka. Kijijini kinarudi nini? Pikipiki, mabati, simu nzuri. Jembe ni lile lile. Mimi sijaona bado mtu aliyerudi na mashine ya kukoboa mpunga. Kama mnamjua, mniambie. Ndani ya mchezo mchimbaji na mkulima ni mtu mmoja, mwenye mfuko mmoja. Kwetu ni wandugu wawili wa nyumba moja, na kati yao anasimama mnunuzi wa dhahabu, ambaye shamba halimhusu.

Juu ya hiyo naiweka Stardew mbele ya Harvest Moon, pamoja na kuku wake wasiokufa kwa njaa na lile sanduku. Ule wa zamani pia una madini na fundi, lakini mgodi wake ni kazi ya pembeni tu. Katika huu mpya unapanga siku yako yote kati ya jembe na shimo, na kila saa unayochukua huku inapungua kule. Na hauhitaji intaneti. Paneli ndogo ya jua inatosha.

Mimi niko mwaka wa 2, majira ya vuli, na jembe langu bado la chuma. Vipande 5 vya dhahabu ninavyo. Zile 10,000 natafuta kwenye maboga.