Swaminarayan: Nusu ya Maisha Iliyoachwa Nje ya Filamu

Msomaji anayekaa Kenton hahitaji kuelekezwa lilipo hekalu la Swaminarayan la Westfield Lane. Waumini wake wengi asili yao ni Kutch, nchini India, na wazee wao walikuwa mafundi wa ujenzi Nairobi na Mombasa kabla ya kuhamia Uingereza. Mpaka leo, katikati ya Kigujarati chao utasikia sufuria, kisu na fagio. Tumekuwa majirani mara mbili, kule na huku. Lakini ukituuliza huyo Swaminarayan alikuwa nani, wengi wetu tutajibu "mungu wa Wahindi", basi.

Njia rahisi ya kumjua ni filamu ya Mystic India, iliyotolewa mwaka 2005 na BAPS, tawi lililojenga hekalu la Neasden (la Kenton ni la tawi jingine, lenye makao Bhuj). Ni filamu ya skrini kubwa kabisa. Mtoto wa miaka 11 anaondoka nyumbani mwaka 1792, anatembea peku hadi milima ya Himalaya, anashuka kusini, na mwaka 1799 anafika Gujarat. Picha zinapendeza: theluji, mito, umati wa maelfu. Sina ugomvi na kamera.

Ugomvi wangu ni wa hesabu. Alipofika Gujarat alikuwa na miaka 18. Alifariki mwaka 1830 akiwa na miaka 49. Uzito wote wa filamu umewekwa kwenye miaka saba ya safari, ilhali ile thelathini iliyofuata ndiyo iliyomfanya watu wamwite mrekebishaji wa jamii.

Mwaka 1801, akiwa na miaka 20, alikabidhiwa uongozi na mwalimu wake Ramanand Swami. Gujarat ya wakati ule ilikuwa na njaa na ujambazi, na katika baadhi ya koo za Kirajput mtoto wa kike aliweza kuzamishwa ndani ya maziwa siku aliyozaliwa, kwa kuwa kumwoza kulimfilisi baba. Swaminarayan aliwaambia hiyo ni dhambi tatu kwa mpigo: kuua ndugu, kuua mtoto, kuua mwanamke. Wafuasi wake husimulia kwamba aliahidi pia kusaidia gharama za harusi. Mimi ni mhandisi, na hapo ndipo ninapovua kofia. Alitazama mzigo unaovunja boriti, hakuishia kuilaumu boriti.

Kisha kuna Shikshapatri, kitabu cha kanuni alichokiandika mwaka 1826, aya 212. Nilikisoma kwa tafsiri nikitarajia mawingu, nikakuta mambo ya kazini. Chuja maji kabla ya kunywa. Usipokee hongo. Mapatano ya mali yaandikwe mbele ya mashahidi, hata kama ni na mwanao au rafiki yako. Mfanyakazi alipwe kile mlichoahidiana. Usitumie kuliko kipato, na hesabu za kila siku uziandike kwa mkono wako. Aliyewahi kusimamia vibarua Industrial Area ataelewa kwa nini nilicheka peke yangu.

Lakini kitabu hicho hicho kinabana maisha ya wajane, na kinakataza kupokea chakula na maji kwa mtu ambaye desturi ya tabaka hairuhusu. Askofu Reginald Heber wa Kanisa la Anglikana alikutana naye Nadiad mwaka 1825, akamuuliza habari za matabaka. Kwa maelezo ya Heber, jibu lilikuwa kwamba hapa duniani watu wanaweza kula pamoja au mbalimbali. Huko juu tofauti hizo zitakwisha. Jibu hilo linaniudhi. Lakini ni jibu la mtu mzima aliyepima nini kinawezekana leo na nini kitawavunja wafuasi wake, na mtu huyo ananivutia kuliko mtoto wa kwenye theluji. Mtoto wa theluji huwezi kubishana naye.

Na tusiwacheke majirani. Huko Lamu, Habib Saleh wa msikiti wa Riyadha aliwasomesha watu wa asili ya utumwa, jambo lililowakera wakubwa wa mji. Ni mara ngapi tunasimuliwa karama zake kabla ya darasa lile?

Hiyo kanuni ya chakula ina mlango mmoja ulioachwa wazi: chakula kitakatifu cha hekalu la Jagannath huko Puri, ambacho watu wa matabaka mbalimbali hula pamoja. Puri ni mmojawapo wa miji ambayo, kwa masimulizi ya wafuasi wake, kijana yule alikaa wakati wa safari yake. Filamu ingesimama hapo dakika tano tu, ingekuwa imeanza kumwonyesha mtu mwenyewe.