Injini Isipopumua Sawasawa

Fundi mzuri wa injini za boti haanzi na spana. Hushika kamba ya kuwashia akaivuta polepole, si kwa kutaka iwake, bali mkono wake upime kompresheni. Kwenye injini ya silinda mbili, kamba inapaswa kugoma mara mbili kwa nguvu ileile katika kila mzunguko. Ikigoma mara moja na kulegea mara ya pili, fundi ameshaanza kushuku ringi, pistoni au gasketi, na anajua kusafisha kabureta hakutasaidia kitu. Ikigoma sawa, ndipo anapomuuliza mwenye boti: "Kaka, ilianza lini? Ikiwa ya baridi, au ikishapata moto? Ukienda polepole, au ukifungulia mafuta?"

Utaratibu huo una thamani kubwa katika bonde la Kilombero. Tangu Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lizinduliwe mwaka 2018, magari yanayotoka Ifakara kwenda Mahenge hayangoji tena pantoni. Lakini daraja linavusha mto mahali pamoja tu, na ardhi oevu ya bonde hili, iliyoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ina karibu kilomita za mraba 8,000. Masika, maji yakijaa, njia ya kwenda kambi nyingi za uvuvi ni maji. Wandamba, wenyeji wa bonde hili, wameyamudu maji hayo kwa mtumbwi, kafi na pondo tangu zamani. Mwenye boti ya injini hubeba mizigo mizito na kwenda mbali, na injini ikimzimikia karibu na viboko hana wa kumlilia.

Nyingi ya injini hizo ni za mipigo miwili. Muundo wake unatokana na kazi ya Mwingereza Joseph Day, aliyepata hataza yake mwaka 1891: hewa na petroli hupita kwanza kwenye tumbo la injini, penye krenki, kisha husukumwa juu kwenye silinda. Injini ya namna hii haina dimbwi la oili. Oili huchanganywa na petroli. Kwa injini inayotaka uwiano wa 50 kwa 1, kidumu cha lita 20 hupewa mililita 400. Kwa hiyo petroli ikipungua njiani, oili nayo imepungua, na chuma kinasaga chuma.

Hapo ndipo ninapowastahi mafundi hawa kuliko popote. Injini yenye njaa ya petroli mara nyingi huchangamka: mlio wake hupanda, ukawa mwembamba na safi, na asiyejua hufurahi. Fundi huuogopa mlio huo kuliko moshi mzito, kwa sababu pistoni inaweza kukwama muda mfupi baadaye. Moshi humwambia kwamba mafuta yamezidi, na hilo linaweza kungoja mpaka boti ifike ukingoni.

Basi hutafuta, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Huchomoa waya wa plagi moja huku injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, amempata mgonjwa. Waya alioutoa huuvika plagi ya akiba iliyogusishwa kwenye mwili wa injini, maana umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuunguza koili. Kisha huzitazama plagi zenyewe. Nyeusi yenye majimaji, mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu. Nyeupe iliyokauka, petroli haitoshi.

Baada ya hapo huminya kipampu cha mpira kilicho kwenye bomba la petroli. Injini ikipata nafuu kila anapominya, petroli haifiki ya kutosha: labda utando wa pampu umechoka, bomba linanyonya hewa, au skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi imesahauliwa ikiwa imefungwa. Kosa hilo la mwisho linaponywa kwa vidole viwili, na nimeona watu wakifungua kabureta nzima kabla ya kuligusa. Humimina pia petroli kidogo kwenye chupa angavu, akaiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hujikusanya chini yakaonekana. Vidumu vinavyosafiri kwenye mvua za Kilombero huyapata kwa urahisi.

Kabureta ndiyo inayofuata. Injini inayokohoa polepole lakini ikanyooka ikifunguliwa mafuta, ina kitundu kidogo kilichoziba. Inayoenda vizuri polepole kisha ikafa kwenye kasi, huenda kitundu kikubwa au chujio ndilo lenye lawama. Vitundu hivyo fundi huvipuliza kwa upepo. Hachokoi kwa waya, kwa kujua kwamba tundu lililopanuliwa halirudi kuwa dogo.

Injini hizi hutupa sehemu ya mafuta mabichi moja kwa moja mtoni, na zikikosewa marekebisho hutupa mengi zaidi, katika maji wanamozaliana perege na kambale. Hiyo ni sababu nyingine ya kuheshimu mkono unaorekebisha kwa makini.

Kazi ikiisha, jaribio la pipani halimtoshi, kwa kuwa pipani propela haisukumi mzigo. Huomba boti ipakiwe, akapanda dhidi ya mkondo, mafuta yakiwa wazi, kwa dakika kadhaa. Akizima hutoa plagi zote mbili na kuzilinganisha. Zikiwa za kahawia, zote kwa rangi moja, hapo ndipo anapotaja bei.